Jinsi Amani ya Msumbiji Ilivyotafutwa

Msomaji akiitazama ramani ya pwani yetu, aanzie Lamu, ashuke Mombasa na Kilwa, kisha auvuke mto Ruvuma na kuendelea kusini, mwisho atafika Sofala. Huko ndiko wafanya biashara wa Kilwa walikokuwa wakienda zamani kutafuta dhahabu. Siku hizi Sofala ni jina la jimbo katika nchi ya Msumbiji, na mji wake mkubwa ni Beira, wenye bandari na reli iendayo Zimbabwe. Katika mwaka wa 1976 padre mmoja Mwafrika, jina lake Jaime Gonçalves, aliwekwa kuwa askofu wa mji huo. Umri wake ulikuwa kama miaka 40. Mwaka ule vita vipya vilikuwa vimekwisha kunusika mipakani mwa nchi, na miaka 16 ilipopita ni yeye, pamoja na wenzake watatu, walioshika kalamu kutia sahihi zao kama wapatanishi chini ya mkataba uliovimaliza. Kati ya siku hizo mbili pana habari ndefu, nayo yafaa isimuliwe, kwa kuwa watu hao wanne hawakuwa na jeshi hata la askari mmoja.

Kwanza twataka kujua vita vyenyewe vilitoka wapi. Chama cha Frelimo kiliundwa Dar es Salaam mwaka wa 1962, kikaanza kupigana na Wareno mwaka wa 1964, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikapata uhuru, Samora Machel akiwa Rais wake wa kwanza. Serikali mpya iliwasaidia wapigania uhuru wa Zimbabwe. Kwa sababu hiyo wakuu wa upelelezi wa Rhodesia wakaunda kundi la wapiganaji la kuihangaisha Msumbiji, na kundi hilo likaja kujulikana kwa jina la Renamo. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka wa 1980, Renamo ikalelewa na majeshi ya serikali ya makaburu wa Afrika ya Kusini. Tarehe 16 Machi 1984 Machel na serikali ile walipatana penye mto Nkomati kwamba hakuna atakayewasaidia maadui wa mwenzake, lakini wino ulikauka na msaada kwa Renamo haukukauka.

Hayo ni ya kweli, ila asemaye kwamba Renamo walikuwa vibaraka wa wageni tu, basi, amesema nusu ya habari. Frelimo ilikuwa na pupa ya kuijenga upya nchi. Watu wengi waliondolewa katika makao yao wakakusanywa katika vijiji vya pamoja; machifu walivuliwa heshima; waganga na wazee wa mila walidharauliwa; na wengi walioshukiwa walipelekwa katika kambi za kufundishwa upya, ambako baadhi yao hawakurudi. Mbegu iliyoletwa na wageni ilikuta udongo umekwisha kulimwa.

Mateso yaliyofuata ni vigumu kuyaeleza bila kumwogofya msomaji. Renamo walichoma shule na zahanati, walikata watu masikio na midomo, na waliteka watoto wakawatia bunduki mikononi. Tarehe 18 Julai 1987, katika mji wa Homoine, watu 424 waliuawa, wakiwamo wagonjwa waliokuwa vitandani hospitalini. Katika Aprili 1988 Robert Gersony, aliyetumwa na serikali ya Marekani kuwahoji wakimbizi, alitoa taarifa iliyokadiria kwamba Renamo walikuwa wamekwisha kuua raia kama 100,000. Majeshi ya serikali nayo hayakuwa na mikono safi. Vita vilipokoma, ilikadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi, na wengine kama milioni 1.7 walikuwa wamekimbilia nchi za jirani. Malawi peke yake, nchi ndogo isiyo na utajiri, ilipokea zaidi ya milioni moja.

Sasa na tulitazame kanisa. Mtu angedhani kwamba serikali na maaskofu wangesaidiana katika balaa kama hilo, lakini sivyo. Wakati wa Wareno wakuu wengi wa Kanisa Katoliki walisimama upande wa watawala, na Frelimo hawakusahau. Mwezi mmoja tu baada ya uhuru shule na hospitali za misioni zilitaifishwa. Baadaye makanisa mengi yalifungwa, na wamisionari wakazuiwa kwenda huko na huko. Kwa hiyo Gonçalves na maaskofu wenzake, ambao wengi wao sasa walikuwa Waafrika, walirithi deni lisilokuwa lao. Walipozungumza, walishukiwa, waliponyamaza, walishukiwa pia.

Huko Roma Gonçalves alikuwa amefahamiana na vijana wa jumuiya iitwayo Sant'Egidio. Asili ya jumuiya hiyo itawavutia wasomaji wa kitabu hiki, maana aliyeianzisha, Andrea Riccardi, mwaka wa 1968 alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari mwenye miaka 18. Yeye na wenzake waliomaliza masomo ya siku walikwenda katika vibanda vya maskini kandokando ya mji wa Roma, wakawafundisha watoto kusoma. Baadaye walipewa nyumba iliyokuwa ya watawa wa kike katika mtaa wa Trastevere, ng'ambo ya mto Tiber. Hawakuwa mabalozi wala wanasiasa. Rafiki yao askofu alipowaeleza taabu za kanisa lake na za watu wake, walitafuta namna ya kumsaidia kwa njia waliyoiweza.

Njia yenyewe ilikuwa ya werevu. Frelimo ilifuata siasa ya Karl Marx, na haikuwa na sababu ya kumsikiliza askofu. Lakini ilikuwa na urafiki wa miaka mingi na Chama cha Kikomunisti cha Italia. Basi mwanzoni mwa miaka ya themanini vijana wale walimpeleka Gonçalves kwa Enrico Berlinguer, kiongozi wa chama hicho. Mkomunisti alimsikiliza askofu, kisha akawaombea Wakristo wa Msumbiji kwa rafiki zake wa Maputo. Tangu hapo mlango ulifunguka kidogo. Njaa kali ilipoishika nchi katika mwaka wa 1983 na 1984, vyakula, dawa na nguo zilikusanywa Italia na kupelekwa Msumbiji, na Jumuiya ya Sant'Egidio ikajulikana na mawaziri wa Maputo, si kwa maneno, bali kwa magunia. Katika Septemba 1985 Samora Machel, aliyekuwa amefunga makanisa, alikwenda Vatikani kuonana na Papa Yohane Paulo wa Pili.

Naona hapa ndipo penye fundo la habari yote. Watu husema juu ya misaada kana kwamba ni jambo moja, na juu ya upatanishi kana kwamba ni jambo jingine. Katika Msumbiji yalikuwa jambo moja. Kama wale vijana wangefika Maputo wakiwa na pendekezo la amani mkononi, wangefukuzwa. Walifika na dawa za wagonjwa, wakarudi tena na tena kwa miaka, wasidai kitu. Na siku serikali ilipohitaji mtu wa kupeleka neno upande wa pili, ilikumbuka nani alikuwa ameleta dawa.

Hata hivyo palikuwapo swali zito ambalo magunia hayakuweza kulijibu. Je, yafaa kuzungumza na watu waliofanya mambo ya Homoine? Serikali iliwaita majambazi wenye silaha, na ikasema kwamba jambazi hazungumzwi naye, hukamatwa. Maaskofu Wakatoliki walitoa barua za kichungaji, mojawapo ikiwa ya mwaka 1987, wakisema kwamba vita hivyo havina mshindi na kwamba ndugu wanaopigana hawana budi kukaa pamoja. Wakuu wa chama walikasirika. Walisema kwamba askofu aitaye muuaji ndugu anamtukana aliyeuawa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mtu aliyezika watoto wake angekuwa na haki ya kuisema. Lakini maaskofu walikuwa wakiwazika watoto wengine kila juma, na hawakuona njia nyingine ya kuwapunguza.

Samora Machel alikufa katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, na Joaquim Chissano akashika mahali pake. Chissano alikuwa mtu mpole wa maneno, mwanadiplomasia wa miaka mingi, na alikwisha kuona kwamba jeshi lake halitashinda. Katika Desemba 1987 ilitungwa sheria ya kuwasamehe wapiganaji watakaojisalimisha. Msamaha, hata hivyo, hupewa mkosaji, na viongozi wa Renamo hawakukubali kuitwa wakosaji. Hapo ndipo Rais alipokubali kwamba watu wa dini wajaribu kuwatafuta. Wa mbele miongoni mwao, pamoja na Wakatoliki, walikuwa wale wa Baraza la Kikristo la Msumbiji, ambalo lilikuwa limeunda kamati yake ya amani tangu 1984, na ndani yake Dinis Sengulane, askofu wa Kianglikana wa Lebombo, mtu mwenye subira nyingi.

Gonçalves alikuwa na jambo moja ambalo wengine hawakuwa nalo. Yeye na Afonso Dhlakama, mkuu wa Renamo, walikuwa Wandau wote wawili, wa jimbo lile lile la Sofala. Katika mwaka wa 1988 askofu alisafirishwa kwa siri mpaka porini, katika maskani ya Renamo, akaonana na Dhlakama uso kwa uso. Fikiria, msomaji, safari hiyo. Mapadre na watawa kadhaa walikuwa wametekwa au kuuawa katika vita hivyo, na serikali ingeweza kumhesabu msaliti akirudi salama. Alirudi na habari moja tu ya maana: kwamba mtu yule wa porini alikuwa amechoka kama watu wa mjini walivyochoka, ila hakujua atokeje bila kuuawa. Baadaye wako waliomsingizia askofu kwamba anaipendelea Renamo kwa ajili ya kabila lake. Masingizio hayo aliyachukua kimya kimya miaka mingi.

Na sasa habari yatufikia nyumbani. Katika Agosti 1989 ujumbe wa makanisa ulikutana na Dhlakama mjini Nairobi. Serikali ya Msumbiji ilikuwa imewapa watu wa kanisa karatasi yenye misingi 12. Renamo walijibu kwa hoja 16. Ukizisoma karatasi mbili hizo waona kama viziwi wawili wanaojibizana, lakini lililokuwa kubwa si maandishi. Lililokuwa kubwa ni kwamba Dhlakama alikuwa ametoka porini, akaketi mezani pamoja na Wamsumbiji wasiokuwa askari wake, akala nao, na hakuna aliyemkamata. Baada ya hapo Rais Daniel arap Moi wa Kenya na Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe walichukua kazi ya upatanishi, nayo ikakwama. Zimbabwe ilikuwa na askari wake ndani ya Msumbiji wakiilinda reli ya Beira, kwa hiyo Renamo haikuweza kumwamini Mugabe. Na Frelimo nayo ilidhani kwamba Kenya inaipendelea Renamo. Mkutano ulipangwa kufanywa Blantyre katika Juni 1990. Ujumbe wa serikali ulikwenda, Renamo hawakutokea.

Ndipo wote wawili walipoikumbuka nyumba ya Trastevere. Tarehe 8 Julai 1990 wajumbe wa serikali, wakiongozwa na waziri Armando Guebuza, na wajumbe wa Renamo, wakiongozwa na Raul Domingos, waliingia katika nyumba ile ya watawa, wakakaa chumba kimoja kwa mara ya kwanza. Pamoja nao walikaa watu wanne: Askofu Mkuu Gonçalves, Andrea Riccardi, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu, padre mmoja wa Roma, Matteo Zuppi, na Mario Raffaelli, mbunge aliyeiwakilisha serikali ya Italia. Wanne hao hawakuitwa wapatanishi. Waliitwa waangalizi tu, kwa kuwa bado hapakuwa na mapatano nani awe mpatanishi. Katika tangazo lao la pamoja, lililotolewa baada ya siku tatu, pande mbili zilikiri kwamba wote ni wananchi wa nchi moja na watu wa jamaa moja kubwa ya Wamsumbiji. Mtu aweza kucheka kwamba watu walisafiri mpaka Ulaya kuandika neno kama hilo. Lakini kabla ya siku ile kila upande ulikuwa na jina lake la kumwita mwenziwe, na katika majina hayo halikuwamo neno jamaa.

Miezi ikapita wakibishana juu ya mpatanishi. Kila jina lililotajwa na upande mmoja lilikataliwa na wa pili. Mwishowe, katika Novemba 1990, waliona kwamba watu ambao hakuna aliyewakataa ni wale wanne waliokuwa wameketi nao tangu mwanzo. Basi waangalizi wakafanywa wapatanishi. Hivyo udhaifu wao uligeuka kuwa sifa. Sant'Egidio haikuwa na askari wa kulinda reli, haikuwa na biashara katika bandari, haikuweza kumtisha mtu. Ilichoweza ni kupika chakula, kungoja, na kumfuata mjumbe aliyeondoka kwa hasira mpaka chumbani kwake.

Pande mbili ziligombana pia juu ya jambo la kutangulia. Serikali ilitaka bunduki zinyamaze kwanza, kisha mambo ya siasa yazungumzwe. Renamo walikataa kabisa, maana walijua kwamba bunduki ndiyo mali yao pekee. Wakiiweka chini kabla ya kupata ahadi juu ya vyama, uchaguzi na jeshi, hakuna ambaye angeendelea kuwasikiliza. Wapatanishi walikubali siasa itangulie. Mimi nadhani hawakuwa na njia nyingine, lakini uamuzi huo ulikuwa na gharama, na haifai kuificha. Mazungumzo yalidumu miezi 27. Wakati wajumbe wa Roma wakipima neno hili na neno lile, vijiji viliendelea kuchomwa, na askofu aliyekuwa akiketi Trastevere alikuwa akipata habari za mazishi ya watu wa jimbo lake.

Jambo moja dogo lilifanikiwa mapema. Tarehe 1 Desemba 1990 walipatana kwamba askari wa Zimbabwe watakaa kando ya reli mbili tu, ya Beira na ya Limpopo, wasitoke nje ya kilometa tatu kila upande, na kwamba Renamo hawatazishambulia reli hizo. Amani ikaanza, kwa namna ya kusema, ikiwa na upana wa kilometa chache na urefu wa reli. Haikushika vizuri, na malalamiko yalikuwa mengi, lakini iliwafundisha maadui kutia sahihi chini ya karatasi moja. Mwezi uliotangulia Msumbiji ilikuwa imepata katiba mpya iliyoruhusu vyama vingi, na hivyo hoja moja ya Renamo ikapungua nguvu. Katika Oktoba na Novemba 1991, na tena katika Machi 1992, zikafuata sahihi juu ya msingi wa mazungumzo, juu ya vyama vya siasa na juu ya uchaguzi.

Kisha mvua zikakosa kunyesha. Ukame wa 1991 na 1992 ulikuwa mkali katika nchi zote za kusini mwa Afrika, lakini Msumbiji uliikuta tayari iko chini. Chakula cha msaada kilikuwapo bandarini, hakikuweza kupita. Sababu yake si ngumu kuielewa. Renamo waliogopa kwamba lori la mahindi likipita leo, kesho litapita lori la askari katika barabara ile ile. Serikali nayo iliogopa kwamba mahindi yatakayofika katika maeneo ya Renamo yatamshibisha mpiganaji kabla ya mtoto. Kila upande ulikuwa na hofu ya haki, na kati ya hofu mbili hizo watu walikuwa wakifa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilikuwa limejaribu kupeleka chakula kwa ndege mahali palipokubaliwa, lakini ndege si dawa ya njaa ya nchi nzima.

Tarehe 16 Julai 1992, Roma, walipatana juu ya njaa kabla ya kupatana juu ya vita. Waliahidi kwamba msaada utapita kwa watu wote bila kubagua, kwa barabara na kwa njia nyinginezo, na kwamba hakuna upande utakaotumia msafara wa chakula kusogeza majeshi yake. Baadhi ya waandishi wa historia huitaja karatasi hiyo kwa mstari mmoja. Kwangu mimi ndiyo iliyokuwa mtihani wenyewe. Mtu aliyekubali lori la adui yake lipite katika ardhi yake amekwisha kukubali kwamba yule adui aweza kushika ahadi. Na lori lilipopita salama mara moja, mara mbili, wale wasemao kwamba adui hatimizi neno walikosa ushahidi. Majuma matatu tu baadaye, tarehe 7 Agosti, Chissano na Dhlakama walionana Roma, wakaahidi kwamba mkataba wote utatiwa sahihi kabla ya Oktoba mosi.

Isidhaniwe kwamba dua na subira peke yake ndizo zilizoleta siku hiyo. Vita baridi vya mataifa makubwa vilikuwa vimekwisha, na siasa ya ubaguzi katika Afrika ya Kusini ilikuwa ikivunjika, kwa hiyo waliokuwa wakiwapa pande mbili silaha walikuwa wamechoka kuwapa. Fedha nazo zilikuwapo. Serikali ya Italia ililipa gharama za mazungumzo. Tajiri wa Kiingereza Tiny Rowland, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Lonrho, alimsafirisha Dhlakama kwa ndege yake na kutoa fedha ili Renamo wabaki mezani. Na baadaye Umoja wa Mataifa uliunda mfuko wa kuwasaidia Renamo kugeuka chama cha siasa. Wako walioona aibu katika hayo, kwamba wauaji walinunuliwa. Gonçalves na wenzake walijua habari za fedha hizo, wala hawakujidai kuwa malaika. Fedha ziliweza kumleta mtu mezani. Haziwezi kumfanya aamini alilosikia hapo.

Siku za mwisho zilikuwa za wasiwasi. Oktoba mosi ilifika, na marais waliokuja kushuhudia sahihi walikuta pande mbili bado zinagombana, hasa juu ya utawala wa maeneo yaliyoshikwa na Renamo. Walikesha. Tarehe 4 Oktoba 1992, ambayo kwa Wakatoliki ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, Chissano na Dhlakama walitia sahihi Mapatano ya Jumla ya Amani. Umoja wa Mataifa ulipeleka askari na watumishi kwa maelfu, chini ya Mwitalia Aldo Ajello, kusimamia utekelezaji wake. Wapiganaji zaidi ya 75,000 wa pande zote mbili walivuliwa sare. Wakimbizi walirudi, wengi kwa miguu, wakiwa na vyungu vichwani. Tarehe 27 hadi 29 Oktoba 1994 watu walipiga kura: Chissano alipata asilimia 53, Dhlakama asilimia 33, katika bunge Frelimo walipata viti 129 na Renamo 112.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa ajili ya Homoine. Sheria ya msamaha ilipitishwa mwezi ule ule wa mkataba, nayo iliwahusu wote. Vijijini watu walifanya kwa njia yao: mganga alimwosha kijana aliyerudi kutoka vitani, wazee wakamwuliza mizimu wanataka nini, naye akapewa jembe na mahali pa kulala. Kanisani padre na mchungaji walifanya ibada zao. Kama hayo yalitosha, ni swali ambalo Wamsumbiji wenyewe hawajalimaliza, na mgeni asilijibu kwa haraka. Twajua kwamba deni la siasa halikulipwa lote. Katika 2013 wapiganaji wa Renamo na majeshi ya serikali walirudia kupigana katika jimbo la Sofala, na ilichukua miaka, pamoja na mikutano mingine mingi ambayo maaskofu na wachungaji walishiriki, mpaka mapatano mapya yakatiwa sahihi tarehe 6 Agosti 2019. Dhlakama hakuyaona, alikuwa amekufa mwezi wa Mei 2018. Wala Gonçalves hakuyaona, aliyefariki katika Aprili 2016.

Padre Zuppi alikuja kuwa askofu mkuu wa Bologna na kardinali, na katika Juni 2023 Papa Fransisko alimtuma Kyiv na Moscow, kazi yake ya kwanza ikiwa kuuliza habari za wafungwa na za watoto waliotenganishwa na wazazi wao.

Askofu Sengulane alibaki na shida nyingine. Mkataba ulikuwa umetiwa sahihi, lakini bunduki zilikuwa bado zimefukiwa mashambani na kufichwa darini, nyingine zikiwa zimesahauliwa na watu waliozificha. Katika mwaka wa 1995 alianzisha, chini ya Baraza la Kikristo, mpango ulioitwa Kugeuza Silaha kuwa Majembe, akikumbuka maneno ya nabii Isaya. Aliyeleta bunduki hakuulizwa jina la kundi lake. Alipewa jembe, au baiskeli, au cherehani, au mabati ya kuezekea nyumba. Silaha zilikatwa vipande, na baadhi ya vipande wakapewa wachongaji wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, alitengeneza kiti cha enzi katika mwaka wa 2001, ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Miguu yake, mikono yake na mgongo wake ni bunduki tupu zilizounganishwa. Wataalamu walizichunguza zilikotoka: nyingine zilitoka Ureno, nyingine Urusi, nyingine Poland, Czechoslovakia na Korea ya Kaskazini. Hakuna hata moja iliyoundwa Msumbiji.